Wati 12,000 zinatoka wapi kwenye kifaa kinachokula wati 60? Tumechoka kufanywa mazuzu

Wakuu habari za jioni.

Uzi ni mrefu na naandika hasira ikiwa bado kooni. Mwenye haraka apite, hatutagombana.

Mwezi wa tatu zamu yangu ya mchezo ilifika. Nikasema safari hii sinunui kabati wala simu, nataka muziki sebuleni. Muziki, sio kelele. Nimekulia kwa mtu wa dansi mimi. Mzee alikuwa anarekodi kaseti kutoka Radio Tanzania, kidole kiko kwenye kitufe, nyumba nzima marufuku kukohoa. Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo tu: nimsikie mpiga solo wa bendi ya Mlimani Park akijibizana na mwenzake wa ridhimu, na besi niisikie inatembea.

Nikaenda Kariakoo. Duka silitaji. Kijana kanipokea vizuri, boss karibu, boss kaa hapa, na maji ya chupa juu. Akanitolea sabufa na spika zake mbili, boksi limeandikwa kwa maandishi ya dhahabu 12,000W PMPO. Nikamuuliza hiyo PMPO ndiyo nini. "Boss, hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Ukifungulia hii, majirani wanahama." Akaweka singeli, taa za bluu na nyekundu zikaanza kucheza, kifua kikatetemeka. Sasa hapo dukani, mlangoni honi za bodaboda na wapiga debe, masikio yatachambua nini? Nikatoa laki tatu na themanini, taslimu.

Nyumbani nikachomeka flashi ya dansi. Jamani. Mwimbaji kama yuko ndani ya pipa la maji. Gitaa la solo sijui lilishukia kituo gani. Besi ni noti moja, dum, dum, dum. Mpigaji apande, ashuke, yeye ni dum ile ile. Mke wangu akatoka jikoni akauliza kama hiyo redio ina mafua.

Siku ya tatu umeme ukakatika, nikageuza sabufa nitafute swichi ya nyuma kwa tochi ya simu. Pale waya wa umeme unapoingilia kuna kistika cha rangi ya fedha, kimebandikwa upande: AC 220-240V, 50Hz, 60W. Nikasoma mara mbili. Sitini.

Hebu tupige hesabu ya darasa la saba. Kifaa kinavuta wati 60 ukutani, kinawezaje kutoa wati 12,000 kwenye spika? Huo sio umeme, ni muujiza wa mkutano wa injili. Na katika hizo 60, sehemu nzuri inaishia kuwa joto ndani ya amplifaya, kwa hiyo spika tatu zinagawana wati 30, tuseme 40 tukiwa wakarimu. Kama kweli ingekuwa 12,000, hiyo ni sawa na kuwasha birika sita za umeme za wati 2,000 kwa mpigo. Ni uniti 12 kwa saa! Luku ya elfu tano ingekata kabla albamu ya pili haijaisha. Halafu nikachungulia na fyuzi ya ndani: ampea moja, yaani haiwezi kupitisha zaidi ya wati 240 hivi.

PMPO, yaani eti nguvu ya kilele, ni namba isiyo na kanuni, kila kiwanda kinajiandikia kinavyojisikia. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaihimili mfululizo, sio ya kupiga chafya mara moja. Wamarekani walichoshwa na uongo huu zamani, tume yao ya biashara ikatoa kanuni mwaka 1974 kwamba anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani ataje za mfululizo. 1974! Na sisi mwaka huu tunasimama kaunta tunauliza "ina wati ngapi boss", tunatajiwa elfu kumi na mbili, tunatikisa kichwa kama tumeelewa.

Kesho yake nikachukua bisibisi. Zile spika ndogo kila moja ina macho mawili mbele, kubwa la inchi tatu na dogo la kung'aa juu yake. Hilo dogo ndilo twita, la sauti nyembamba, la matoazi na nyuzi za gitaa. Nikafungua mgongo. Nyuma ya lile dogo hakuna waya. Hakuna sumaku. Nikalisukuma kwa kidole likadondoka: kifuniko cha plastiki kimepakwa rangi ya fedha, kimegandishwa kwa gundi. Pambo! Nimeuziwa picha ya spika.

Nikarudi dukani na kile kiplastiki mfukoni. Yule wa "boss kaa hapa" hakukumbuka hata kiti kiko wapi. "Mali ikishatoka hairudi, soma risiti. Halafu ukishagusa skrubu umeua waranti." Nikamwekea kifuniko juu ya kaunta, akakitazama, akaniambia mifumo ya kisasa haihitaji twita. Wakuu, mtu anakutazama machoni anakwambia hivyo.

Sasa ngojeni, maana hapo nilikuwa na hasira ya kawaida tu.

Nikakumbuka stoo kuna amplifaya ya Mzee, ya Kijapani, ya miaka ya themanini, na spika zake mbili za mbao. Nikaishusha, nikaifuta vumbi, nikasoma mgongoni: inatoa wati 45 kwa kila upande, inavuta wati 180. Mnaona tofauti ya mtu mkweli? Inavuta nyingi, inatoa chache. Nikamwita fundi wa mtaani, anayesifiwa kwa sabufa za baa. Akabadilisha kapasita mbili, akasafisha kitasa cha sauti kilichokuwa kinakwaruza, akaunga waya mpya, akachukua elfu 45. Nikawasha. Inalia, lakini besi hakuna, nyembamba kama redio ya shilingi elfu kumi. Mwimbaji hajulikani amesimama wapi, mara kushoto, mara kama yuko nyuma ya kichwa changu. Fundi akasikiliza kidogo, akashika kiuno: "Mzee, hizi spika zimechoka. Kuna zangu nakuachia kwa laki mbili na nusu."

Nilitaka kumpa. Kilichoniokoa ni mjomba, aliwahi kufunga vyombo vya bendi. Nilimpigia kumlalamikia bei tu, akaniuliza swali moja: ukiweka wimbo wa mono, mwimbaji anakaa katikati? Rekodi nyingi za zamani za dansi ni mono, sauti ile ile kushoto na kulia, kwa hiyo spika zikiwa sawa na wewe umekaa katikati yake, mwimbaji anapaswa kusimama mbele yako kabisa, pale pasipo na kitu. Wangu alikuwa anazurura. Mjomba akasema chomoa waya za spika kwenye amplifaya, chukua betri ndogo ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, gusisha ncha za waya mara moja tu, chanya kwa waya mwekundu.

Nikafanya. Spika ya kulia, koni (ile karatasi ya mbele inayotetemeka) ikatoka nje. Ya kushoto, koni ikaingia ndani.

Yaani fundi ameunga upande mmoja kinyume. Moja inasukuma hewa, nyingine inavuta, besi zinauana hapo hapo hewani. Dawa yake ni kubadilishana waya mbili, dakika moja, bure. Nikageuza. Wakuu, mwimbaji akaja akasimama kati ya spika mbili kama ameitwa jina. Besi ikashuka sakafuni na kila noti yake ina miguu. Nikakaa chini kwenye zulia, nikapiga upande mzima wa kaseti bila kusema neno. Na kwa hilo nilikuwa nalipa laki mbili na nusu, nitupe spika za Mzee!

Nilipokuwa nageuza, kisu kikakwaruza ule waya "wa shaba tupu" alionilipisha fundi. Ndani mweupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Inapitisha umeme, sikatai, lakini upinzani wake ni mkubwa kuliko shaba ya unene huo huo, na bei nilipewa ya shaba. Hata waya, jamani?

Wa vyombo vya kutembea navyo nao wasijifiche. Tangu iPhone 7 itoke 2016 bila tundu la iafoni, simu nyingi zimefuata, na palipotoka tundu wauzaji wamechimba mgodi. Nilinunua kile kiwaya kifupi cha kuunganishia, elfu tano, simu ikakaa kimya kama maiti. Kumbe viko vya aina mbili: kimoja ni waya mtupu kinachotegemea simu yenyewe itoe sauti kwenye tundu la chaji, kingine kina chipu ndani ya kubadilisha dijitali kuwa sauti. Simu yangu ilihitaji cha pili. Muuzaji anajua? Hajui. Anasema zote ni moja.

Hedifoni "orijino kabisa", nzito mkononi, nikazifurahia uzito. Zilipokatika utepe wa kichwani nikazifungua: kila upande kuna kipande cha chuma hakijaungwa na chochote. Kimewekwa ili uone umeshika kitu cha maana.

Kwa anayepanda daladala kama mimi, Mbagala hadi Kariakoo asubuhi, nasema hivi: chukua iafoni za waya zenye mpira unaoziba tundu la sikio, na ujaribu mipira ya saizi zote tatu iliyomo kwenye boksi. Mpira ukiziba vizuri besi inarudi yenyewe na huhitaji kufungulia hadi mwisho kushindana na konda. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 (ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Foleni yetu peke yake inamaliza nusu ya hizo saa.

Na nyie mnaochoma nyimbo kwenye flashi vibandani, nyimbo 1,000 kwa elfu tano, mmeandika "HD 320", yaani kilobiti 320 kwa sekunde, kipimo cha ubora wa faili la wimbo. Mmetoa wimbo kwenye video ya WhatsApp, umeshasagwa mara tatu, mnaukuza kuwa 320. Uji ukishautia maji, kuuhamishia kwenye sufuria kubwa hakuurudishii unga.

Lakini tuseme ukweli, na sisi wanunuzi tumo. Ingia sebule yoyote hapa mjini: spika zimebanwa ndani ya shoukesi, moja juu ya televisheni, nyingine chini nyuma ya chombo cha maua, zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Sabufa iko kwenye kona, ambako kuta mbili zinaiongezea ngurumo. Sakafu vigae, madirisha ya aluminiamu, pazia jepesi. Sauti inagonga inarudi kama msikitini. Halafu mtu anasema aongeze wati. Mkuu, ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 za ziada, kitu ambacho sikio linakiona kwa shida. Zitoe spika kwenye kabati, ziache nafasi na ukuta, ziachane kama mita mbili, ukae nawe umbali kama huo ili mfanye pembetatu, twita ziwe usawa wa masikio. Tandika zulia. Hizo zote hazina risiti.

Mimi zangu nimeziweka juu ya matofali mawili mawili. Mke wangu amelalamika kuhusu matofali, nimeyavalisha kanga.

NYONGEZA: Kwa mdau aliyesema huu ni ushamba na ubishoo, kwamba muziki ni kucheza sio kukaa kuchunguza twita: sawa mkuu, cheza. Mimi nagombea laki tatu na themanini zangu. Ungeuziwa jiko la gesi lenye plate nne, mbili zikawa stika, ungecheza?

NYONGEZA 2: Mnaoniuliza PM jina la duka, sitaji, sitaki kesi. Mkienda popote, geuzeni mgongo wa kifaa msome wati kinazovuta kabla hamjasoma boksi, na bonyezeni twita kidogo kwa ukucha muone kama imeshikwa na gundi. Akikataa kuwageuzia, ondokeni.

NYONGEZA 3: Sasa nina shida moja iliyobaki. Deki ya kaseti ya Mzee mkanda wake wa mpira umeanza kulegea, inavuta kaseti polepole, waimbaji wote wanasikika kama wamelewa. Anayemjua fundi wa deki upande wa Temeke au Gongo la Mboto, anayeweza kupata mikanda hiyo, aniandikie. Asiwe yule wa sabufa za baa.