Naomba ushauri: nitapimaje ugumu wa uzani wa kilo 70 zama kwa zama?

Wakuu, salaam. Tuna ubishi hapa usioisha kuhusu ngumi na mateke, uzani wa kilo 70. Jamaa yangu anashikilia kwamba zama za K-1 MAX (mashindano ya Japani ya uzani huo) hazijapata mfano. Na ana hoja: kuanzia 2002 mpaka 2010 walibeba ubingwa Albert Kraus, Masato, Buakaw, Andy Souwer na Giorgio Petrosyan, na watatu wa mwisho kila mmoja aliutwaa mara mbili. Masato naye mara mbili, 2003 na 2008. Mwaka 2004 Buakaw alipigana mara tatu usiku mmoja hadi akaupata.

Mimi nasema hawa wa karibuni wana kina zaidi. Superbon, Sitthichai, Marat Grigorian, Chingiz Allazov: yeyote kati yao anaweza kumlaza mwenzake. Superbon alimzimisha Petrosyan kwa teke la kichwa 2021, ingawa Petrosyan alishakuwa mtu mzima, hilo nalikubali (kwa shingo upande).

Sasa kinachonitatiza ni kipimo. Nihesabu mabingwa, au nimwangalie aliyeshika nafasi ya nane, ya kumi? Maana majina makubwa manne juu hayaoneshi kama chini yao kuna watu. Halafu zamani wengi walikusanyika K-1, leo wametawanyika kati ya mashirika ya mapambano kama ONE, Glory na kwingineko, hawakutani ovyo. Mnaofuatilia tangu enzi hizo, mnalinganishaje?