MREJESHO: Bugbane yangu iliyokuwa inaungua majani

Wakuu, niko Minnesota, Marekani, niliuliza kwanini bugbane yangu (mmea wa maua wa bustanini, Actaea simplex, ile aina ya Brunette yenye majani meusi) inakauka kingo za majani na haitoi maua. Asanteni sana mliojibu.

Nilifuata ushauri wa kuihamishia upande wa mashariki wa nyumba, jua la asubuhi tu mchana kivuli, mboji ya kutosha, matandazo juu na udongo usikauke hasa Julai. Aisee kuungua kumeisha kabisa. Msimu wa kwanza ilinuna, dada mmoja alishaonya haipendi kusumbuliwa mizizi, ila safari hii imerefuka hadi kunipita na mwisho wa Septemba ikatoa maua meupe kama brashi ya kuoshea chupa, yananukia balaa, tatizo baridi kali ikapiga kabla hayajafunguka yote. Halafu kivulini weusi wa majani umefifia, unaelekea ukijani, mi naona bora hivyo kuliko kuungua.

Mbegu ndo zimegoma kuota. Mdau alisema zinataka kipindi cha joto kwanza ndo baridi, zinaweza kulala hadi mwaka wa pili, so trei nimeiacha nje. Mwenye haraka ya kupata miche agawanye shina pamoja na mizizi yake theluji ikiisha.