Mama anatua Heathrow Ijumaa: tutafikaje Birmingham bila msukumano?

Dada wa Birmingham aliandika:

Wanajumuiya salaam, wakubwa shikamooni.

Mama yangu anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Ana miaka 71, goti moja linamsumbua, na atakuwa na masanduku mawili mazito, maana mnawajua wazazi wetu, hawasafiri mikono mitupu. Ndege inatua Heathrow Ijumaa saa tisa alasiri. Nitashuka kumpokea pamoja na mwanangu wa miaka sita. Gari hatuna.

Kinachonitia hofu ni stesheni. Mwaka jana nilikuwa na shangazi Euston, ile stesheni kubwa ya London ya treni za Birmingham, jioni, ukumbi umefurika, kila mtu kakodolea macho ubao wa ratiba. Namba ya platfomu ilipojitokeza, umati wote ukang'oka kwa mpigo. Shangazi aliponyoka mkononi mwangu, akapigwa na sanduku la mtu mgongoni, akaanguka. Watu walimzunguka tu wakaendelea kukimbia. Treni tuliiwahi, lakini alilia njia nzima na tangu siku hiyo hataki kusikia habari za treni. Sitaki mama yayo hayo yamkute siku yake ya kwanza hapa. Naombeni ushauri wenu.

Kaka wa Watford alijibu:

Dada, pole sana, na mpe pole shangazi. Mimi kazi yangu iko London na Euston ndiyo njia yangu, kwa hiyo naandika kwa ninayoyaona kila wiki.

Nianze na jibu lenyewe: Ijumaa jioni usimpitishe mama Euston kama ipo njia nyingine. Na njia zipo. Ndege ikitua saa tisa, hadi mmalize uhamiaji na kuchukua mizigo itakuwa saa kumi na moja au imeshapita. Mkielekea Euston mtafika pale kwenye saa kumi na mbili na nusu, wakati nusu ya London inarudi makwao na nusu nyingine inakwenda mapumziko ya wikiendi. Hakuna saa mbaya kuliko hiyo.

Watu wengi hudhani ule msukumano unatokana na abiria wasio na adabu. Adabu ni sehemu ndogo. Treni inayoondoka ni ileile iliyotoka kuingia: lazima abiria washuke, isafishwe, wafanyakazi wake wapatikane, ndipo namba itangazwe. Platfomu ziko 16 tu na treni zinafuatana. Basi mnajazwa ukumbini mkisubiri, kisha mnapewa dakika chache. Milango nayo hufungwa kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi, kwa baadhi ya treni hata dakika mbili kabla. Halafu baadhi ya treni za masafa marefu pale zina mabehewa 11, zaidi ya mita 260, na daraja la kwanza ndilo lililo upande wa geti. Mwenye tiketi ya kawaida anaanza kwa kuyapita hayo yote akiburuta mizigo. Mtu mwenye goti baya hawezi mashindano hayo, na hatakiwi kuyaweza.

Jambo hili si siri. Jengo lile ni la mwaka 1968, na abiria wameongezeka mno tangu hapo. Septemba 2023 mamlaka inayosimamia usalama wa reli, ORR, iliwapa Network Rail, wanaoiendesha stesheni hiyo, notisi rasmi ya kuwataka warekebishe namna wanavyodhibiti msongamano Euston. Oktoba 2024 lile skrini kubwa la matangazo ya biashara likazimwa baada ya abiria kulalamika sana. Nayataja haya ili ujue kwamba shangazi hakuanguka kwa sababu ni mgeni au ni mzito wa miguu. Tumezoea kujilaumu tunapopata shida ugenini, na mara nyingi lawama si zetu.

Sasa njia. Iliyo rahisi kwako ni basi la masafa marefu. Pale Heathrow, katikati ya Terminal 2 na 3, kuna kituo cha mabasi, na yapo yanayokwenda moja kwa moja hadi kituo cha Digbeth, Birmingham. London hamuigusi kabisa. Masanduku yanaingia kwenye buti, mama anakaa, mtoto analala. Ubaya wake ni foleni za barabarani Ijumaa, mnaweza kuchelewa. Mimi ningechagua kuchelewa nikiwa nimekaa. Kata tiketi mapema, ila usichague basi la karibu sana na saa ya kutua, maana uhamiaji hakuna ajuaye foleni itakuwaje siku hiyo.

Mkipenda treni, kuna Marylebone. Ni stesheni ndogo, platfomu sita tu, na treni zake zinakwenda Birmingham Moor Street, karibu kabisa na New Street, stesheni kuu ya mji. Safari ni kama saa moja na dakika 50 hivi, ndefu kuliko ile ya Euston kwa nusu saa, lakini nauli mara nyingi iko chini na ukumbi unapumua. Kutoka Heathrow mnachukua treni ya Elizabeth line hadi stesheni ya Paddington, ambako kuna lifti kuanzia treni hadi barabarani. Hapo msishuke tena chini ya ardhi. Chukueni teksi nyeusi hadi Marylebone, ni mwendo mfupi, na teksi hizo zote zina nafasi hata ya kiti cha magurudumu.

Na kama italazimu Euston, basi usiende bila kuomba msaada wa abiria. Huduma inaitwa Passenger Assist, ni bure, na tangu Aprili 2022 unaweza kuiomba hata saa mbili kabla ya safari, kwa simu 0800 022 3720 au kwa programu yao ya simu. Hapa ndipo watu wetu wanapokosea kufikiri. Wanasema, "Mama si mlemavu." Haihitajiki awe mlemavu, wala hakuna atakayemdai cheti cha daktari. Uzee unatosha, goti linatosha. Mfanyakazi atakutana nanyi mahali mlipokubaliana, atawapeleka hadi kwenye treni, mara nyingi kabla umati haujaachiliwa, na atasaidia mizigo. Mkifika Birmingham, mfanyakazi mwingine atakuwa anawasubiri platfomu. Wakikubali ombi lako kisha wasitokee, una haki ya kudai fidia kwa hilo peke yake.

Jambo moja dogo: weka nafasi ya kiti wakati unakata tiketi. Kiti kikishaandikwa jina la safari yenu, hamna sababu ya kukimbia hatua moja. Mwambie aliyekikalia, kwa upole, akupishe. Wengi hupisha.

Mzee wa Reading alijibu:

Wanangu, nimesoma yote. Kaka wa Watford ameeleza vizuri. Nina la kuongeza kuhusu pesa, kwa sababu inaniuma kuona watu wetu wanachelewa, wananung'unika, wanarudi nyumbani na kusahau.

Treni ikikuchelewesha, unalipwa. Mpango unaitwa Delay Repay, na kampuni nyingi zinahesabu hivi: dakika 15 hadi 29, robo ya nauli ya safari hiyo, 30 hadi 59, nusu, saa moja na kuendelea, nauli yote ya kwenda, saa mbili na zaidi, hata ya kurudi nayo ukiwa na tiketi ya kwenda na kurudi. Kinachohesabiwa ni saa uliyofika mwisho wa safari. Treni ya kwanza ikichelewa dakika nane tu lakini ikakukosesha ya pili, ukafika saa nzima baadaye, unadai saa nzima. Unamdai yule aliyesababisha ucheleweshaji wa mwanzo. Una siku 28. Piga picha tiketi kabla hujaipitisha getini, kwa sababu mageti mengine huimeza.

Treni ikifutwa na ukaamua usisafiri, unarudishiwa fedha zote, bila makato, na pale pale ulikonunua. Kampuni ikigoma au ikikaa kimya, kuna Rail Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya abiria wa reli, tangu mwaka 2018, bure. Vijana wananiambia, "Mzee, ni paundi nne tu hizo." Ni za kwako. Mwenye kusafiri kila siku hizo paundi nne nne zinakuwa nauli ya wiki.

Mama yako ana zaidi ya miaka 60, kwa hiyo anaweza kuwa na Senior Railcard, kadi ya punguzo la nauli kwa wazee, hata kama ni mgeni. Pasipoti inatosha kuthibitisha umri. Ni paundi 35 kwa mwaka na inapunguza theluthi ya nauli, isipokuwa safari za asubuhi kule London na kusini-mashariki zina masharti. Akikaa miezi kadhaa na mkimtembeza Leicester, Manchester, huku kwetu Reading, itajilipa.

Karibuni kwangu pia, mama apumzike.

Dada wa Ilford alijibu:

Shikamoo mzee, ahsante. Hiyo ya treni ya kwanza kukukosesha ya pili sikuijua, na leo usiku nadai yangu.

Dada wa Birmingham, mkipita London kumbuka kila mtu agonge kadi yake mwenyewe getini kulipa nauli, na kadi ile ile kuingia na kutoka. Kadi ya benki ya plastiki na kadi hiyo hiyo ikiwa ndani ya simu, mitambo inazihesabu kama kadi mbili tofauti. Ukiingia na simu ukatoka na plastiki, utakatwa nauli ya juu kabisa mara mbili. Katika msongamano, na mtoto anakuvuta, ni rahisi sana kuchanganya. Mwanao wa miaka sita kwenye Elizabeth line anapita bure akiwa nawe, mpitisheni geti pana. Lakini kwenye treni ya kwenda Birmingham si bure, bure ni chini ya miaka mitano. Wa miaka 5 hadi 15 analipa nusu. Mkiwa bila tiketi yake, faini Uingereza ni paundi 100 juu ya nauli, nusu yake ukilipa ndani ya siku 21.

Kuna jingine ambalo halisemwi sana humu na nataka dada zangu walisome. Msongamano wa treni za jioni unawapa nafasi watu wachafu wa tabia. Mkono unaotua pasipotakiwa, mtu anayejibana nyuma yako wakati nafasi ipo. Tumelelewa kunyamaza ili tusijiaibishe mbele za watu. Kuna namba ya polisi wa reli, 61016, unatuma ujumbe mfupi wa maandishi, kimya kimya, hapo hapo ukiwa umesimama. Andika treni ipi, behewa gani, stesheni inayofuata, na mtu amevaa nini. Wanalichukulia hilo kama kosa la jinai, kwa sababu ndivyo lilivyo. Hata kama umeshashuka, tuma. Kamera za behewani hazihifadhi picha milele, kwa hiyo usingoje wiki ipite. Waonyesheni na mabinti zenu waliofikia umri wa kwenda shule kwa treni wenyewe. Dharura yenyewe ni 999 kama kawaida.

Wajawazito nao: beji ya kuomba kiti inatolewa bure na TfL, mamlaka ya usafiri ya London. Msione haya kuivaa. Watu wengi hapa hawainuki kwa sababu macho yao yako kwenye simu, wakiiona beji wanainuka.

Kaka wa Watford alijibu:

Dada wa Ilford, ahsante kwa hilo la 61016. Sisi wanaume tulio ndani ya behewa tuna sehemu yetu. Ukiona dada amebanwa na uso wake unasema, sogea usimame kati, mwulize saa, mwulize stesheni. Si lazima ugomvi. Namba hiyo shahidi naye anaweza kuitumia.

Dada wa Birmingham alijibu:

Wapendwa, nimewasoma mara mbili na mume wangu akiwa pembeni. Tumekata basi la saa moja na robo jioni kutoka Heathrow, tiketi ambayo tunaweza kuibadilisha foleni ya uhamiaji ikiwa ndefu. Kuhusu uwanja wa ndege, nimeshawapigia shirika la ndege, mama atachukuliwa na kiti cha magurudumu mlangoni mwa ndege hadi kwenye mizigo. Kumbe hilo nalo linaombwa mapema, walau saa 48 kabla.

Mzee wangu wa Reading, tutakuja, na tutapanda treni siku ya Jumatano mchana. Passenger Assist nitaiomba kwa jina la mama. Shangazi naye nimemsomea barua hizi kwa simu. Ameuliza kama na yeye anaweza kuombewa mtu wa kumshika mkono hadi kitini. Nimemwambia anaweza, na ametaka nimtumie ile namba.