Re: Mama mkwe na daktari wa macho, nani atamtafsiria?

Dada wa Dayton:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama mkwe aliletwa huku Marekani mwaka jana kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Kiingereza hajui kabisa. Wiki ijayo anakwenda kwa daktari wa macho, ana mtoto wa jicho na huenda akapasuliwa. Mapokezi wameniambia twende na mtu wa kumtafsiria. Mimi nina zamu ya asubuhi, mume yuko njiani na lori. Nimtoe shule binti yetu wa miaka 12?

Kaka wa Columbus:
Dada, mtoto mwache aende shule. Mimi ni mkalimani hospitalini, hili nalijua. Sheria ya bima ya afya ya 2010, ile ya Obama, kifungu cha 1557, inasema kliniki inayopokea pesa za serikali kuu (na karibu zote zinazochukua Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, au Medicare, ile ya wazee, zinazipokea) lazima itoe mkalimani bure. Hawaruhusiwi kukulazimisha uje na wako, wala kumtumia mtoto, labda iwe dharura na mkalimani hajapatikana. Piga simu tena, usigombane. Omba waandike kwenye faili kuwa mgonjwa anahitaji mkalimani wa Kiswahili. Wakigoma, muulizie meneja.

Siku hiyo msishangae mkalimani akiwa kwenye tableti, imewekwa juu ya stendi ya magurudumu. Wazee wetu huamkiana nayo, wakauliza habari za nyumbani, daktari kakodoa macho. Mwambie mama amtazame daktari, aseme kidogo kidogo, anyamaze tutafsiri. Na ajue kila atakachosema kitafika, hata akimsengenya daktari.

Kinachonisumbua zaidi ni adabu yetu. Mzee anaambiwa jambo hajalielewa, anaitikia "ndiyo, asante", na daktari anaandika kuwa mgonjwa ameelewa. Matone ya macho baada ya upasuaji huwa ya aina zaidi ya moja, kila moja na ratiba yake. Mama aeleze mwenyewe, kwa maneno yake, atatia lipi na lini. Tena kwenye karatasi ya dawa 8 ya asubuhi ni saa mbili yetu, mwandikieni upya kwa saa za Kiswahili.

Mzee wa Louisville:
Muulize kwanza lugha anayoisikia vizuri. Watu wetu wengi wa Fizi, kule Kongo, makaratasi yao yanasema Kiswahili, lakini maumivu wanayaeleza kwa Kibembe. Akibaki na Kiswahili, ombeni mtu aliyezoea Kiswahili cha Kongo. Jingine: huku tunajuana. Mkalimani anaweza kuwa mtu mnayesali naye kanisa moja, na mama akaficha nusu ya ugonjwa. Ana haki ya kumkataa na kuomba wa simu, aliye mbali. Mwanamke pia anaweza kuombwa.

Dada wa Dayton:
Asanteni sana. Nimepiga tena, dada mwingine akapokea, hakubisha hata kidogo. Ni Kiswahili cha Kongo, mwanamke, kwa simu. Sasa nani atampeleka?

Kaka wa Columbus:
Kama ana Medicaid, usafiri wa kwenda kwa daktari umo. Piga namba iliyo nyuma ya kadi yake, leo kama unaweza, maana gari wanataka liombwe siku kadhaa kabla. Nao pia uwaombe mkalimani.