Msimbo P0135: je, ni lazima kubadilisha sensa ya oksijeni?

Swali: Ndugu mafundi, niko Goma, na taa ya injini ya gari langu la petroli imewaka ikitoa msimbo P0135. Nimeshauriwa kununua sensa mpya mara moja. Je, hakuna namna ya kuhakikisha kwanza?

Jibu: Usinunue bado, ndugu. Msimbo huo unahusu mzunguko wa umeme wa hita (kipasha joto) ya sensa ya oksijeni iliyo mbele ya katalisti, yaani kisafisha moshi. Injini ikiwa imepoa, chomoa plagi ya nyaya za sensa, upime kwa multimita (kipima umeme) ukinzani kati ya nyaya mbili za rangi moja upande wa sensa: hita nzima aghalabu husoma omu chache, tuseme kati ya 3 na 15, ilhali mita isiyosoma kitu huonyesha kwamba hita imekatika ndani, na hapo hakuna ukarabati.

Jibu: Naongeza kwamba volti 12 zikikosekana kwenye plagi hiyo upande wa gari wakati injini inaunguruma, utazame fyuzi. Barabara zetu za mawe ya volkeno hukwaruza nyaya hadi zikagusa bomba la moshi.

Muulizaji: Asanteni. Hita imesoma omu 6. Fyuzi ndiyo iliyoungua, na waya umeyeyuka kando ya bomba.

Jibu: Basi rekebisha waya kabla ya kuweka fyuzi mpya, la sivyo itaungua tena.