Nimepoteza mwendo wa Sungura kwenye Blender, na wa kukimbia nataka kumpa Fisi

Sungura_Mjanja
Wakuu habari za jioni. Natengeneza katuni fupi ya Sungura na Fisi, natumia Blender 3.6, programu ya kutengeneza katuni za 3D. Siku tatu nimekesha namtembeza Sungura, hatua mbili ndani ya fremu 24, masikio yanadunda kila mguu ukitua. Nilipomaliza nikabonyeza ile X kando ya jina la mwendo ili nianze wa kukimbia. Nikausuka, nikasevu, nikaenda kulala. Leo nafungua: kukimbia upo, kutembea hakuna!

Halafu huo wa kukimbia nataka kumpa Fisi, ambaye ana faili lake. Nausevuje peke yake?

Fundi_Mifupa
Pole mkuu. Kwanza USISEVU TENA. Angalia folda ulimoweka kazi, kuna faili la jina lilelile ila linaishia na .blend1. Hiyo ndiyo hali ya kazi kabla hujasevu mara ya mwisho. Linakili folda nyingine, futa hiyo 1 mwishoni, ufungue.

Ulipobonyeza X, Sungura aliuachia ule mwendo ukabaki yatima, na kitu kisichotumiwa na yeyote hakiandikwi kwenye faili. Siku nyingine bonyeza kwanza alama ya ngao iliyo pembeni ya jina, inaulinda mwendo uandikwe hata usipotumiwa, ndipo X.

Sungura_Mjanja
Umo!! Na masikio yake. Ubarikiwe mkuu.

Mama_Katuni
Kuhusu Fisi, huna haja ya kuusevu peke yake. Fungua faili la Fisi, nenda File, Append, chagua faili la Sungura, ingia folda ya Action (mwendo ndiyo Action kwenye Blender), uuchukue. Kisha mchague Fisi na umpe huo mwendo kwenye Action Editor, lile dirisha la kupangia miendo.

Ila mwendo haumjui Sungura wala Fisi, unajua majina ya mifupa tu, ile ya ndani inayomchezesha mhusika. Kama huku umeita paja.L na kule mguu_juu.L, Fisi atakutazama tu, na chaneli za mwendo, yaani ile orodha ya mifupa kwenye Action Editor, zitapigiwa mstari mwekundu.

Kaka_Fremu
Mi ningeutoa kama faili la BVH, lile la kubebea miendo, mambo kwisha.

Mama_Katuni
Kaka, BVH ni ya kupeleka programu nyingine. Inaandika mzunguko wa kila mfupa fremu kwa fremu, zile fremu chache alizozipanga kwa mkono hatazipata tena. Atarekebisha lini?

Sungura_Mjanja
Nimefanya Append. Majina yanafanana, mstari mwekundu hakuna. Miguu inakwenda, mikono imekauka kama kanzu kwenye kamba.

Fundi_Mifupa
Chagua mfupa wa mkono, bonyeza N, tazama aina ya mzunguko. Nahisi kwa Sungura ni Quaternion, kwa Fisi uliweka XYZ Euler, ni njia mbili tofauti za kuandika mzunguko kwa namba. Namba zinafika lakini mfupa unasikiliza za aina nyingine. Shida hii iliwahi kunila wikendi nzima, ndiyo maana naijua.

Sungura_Mjanja
Ndiyo hiyo hiyo! Mikono imekubali. Shida sasa Fisi anaruka kwa madaha kama sungura, hatishi hata kidogo.

Mama_Katuni
😂 Mshushe kiuno, mabega yabaki juu, na hatua zirefushe muda. Usiogope kuuharibu, ulionao ni nakala, wa Sungura hauguswi. Ngao umebonyeza lakini?

Sungura_Mjanja
Ndo nabonyeza.