Darasa la umeme FDC: karakana wamechangamka, nadharia kimya. Nifanyeje?

Mwl_Nyaya
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha umeme wa majumbani kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi (FDC), huku Kanda ya Ziwa. Darasa limechanganyika: wapo walioishia la saba zamani, wapo ambao kidato cha nne hakikuwaendea vizuri, na wapo mabinti waliokatisha masomo kwa ujauzito. Karakana unafurahi mwenyewe: mtu anafunga swichi, anamwelekeza mwenzake, hataki muda uishe. Tukiingia nadharia, vichwa chini. Swali la kanuni ya wati, volti na ampea halijibiwi na mtu. Siku ya gulio nusu ya viti ni vitupu. Naambiwa niwabane mahudhurio. Uwezo wanao, nauona kwa macho, na mtihani wa nadharia unakuja. Mliopita njia hii, nisaidieni.

FundiMkongwe
Mwalimu, kanuni isitangulie. Weka pasi mezani, wasome kibandiko: wati 1000, volti 230. Inavuta ampea ngapi, yaani mkondo wa umeme kiasi gani? Waache wakisie, wabishane, ndipo wagawanye wati kwa volti: kama 4.3. Leta birika la wati 2200, inafika kama 9.6. Sasa waulize, vyote viwili vikichomekwa kwenye ekstensheni moja ya waya mwembamba itakuwaje? Hapo watasema wengi, maana waya uliopata moto hadi ukanuka wameuona majumbani kwao. Ukitoka hapo ndiyo unaingia kwa nini taa tunavutia waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi wa 2.5. Kanuni iandike ubaoni mwisho, wakiwa wameshaitumia.

Mama_Cherehani
Nakazia. Ila angalia na lugha. Notisi nyingi ni za Kiingereza, mtu wa la saba ananakili kurasa nzima bila kuelewa mstari mmoja. Mimi nafundisha ushonaji kwa Kiswahili, halafu maneno ya mtihani nayabandika kwenye kifaa chenyewe, wanayaona kila siku.
Na hao mabinti, waulize mtoto anabaki na nani. Baadhi ya vyuo vyetu vina sehemu ya kulelea watoto. Kama chenu hakina, hakuna kubana kutakakomleta mama anayenyonyesha.

Mzee wa Site
Natofautiana kidogo. Umeme hauna msamaha. Aliyekosa kipindi cha ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, ataenda kufunga nyumba ya watu na kuacha mauti ukutani. Mahudhurio yabanwe.

Mwl_Nyaya
Mzee wangu, hofu yako naielewa, na vipindi vya usalama siwezi kuvilegeza. Lakini wengi gulioni wanauza nyanya na dagaa, ndipo inapotoka karo.

Mstaafu
Basi hamisha ratiba, wanangu. Siku ya gulio weka mazoezi ambayo mtu anaweza kuyafidia jioni, ethi na usalama viwe siku ambayo wote wapo. Vyuo hivi vilianzishwa 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa mfano wa shule za wananchi za Sweden. Kule mtu mzima anajifunza kwa majadiliano, hashindanii alama. Tulikuwa tunakaa duara, mwenye uzoefu anasema, mwalimu anaongezea. Mitihani ya ufundi imekuja na ina faida yake, cheti kinamfungulia kijana mlango wa kazi. Lakini duara halikukatazwa na mtu. Mpange wa kidato cha nne na wa la saba wawili wawili: mmoja anasoma mchoro, mwingine anafunga, halafu wabadilishane. Usiruhusu msomaji abaki msomaji siku zote.

Mwl_Nyaya
Shikamoo mzee, nimechukua. FundiMkongwe, mita za kupimia tunazo mbili tu. Nagawaje?

FundiMkongwe
Kundi moja lipime, la pili likokotoe kutoka kwenye kibandiko, la tatu lichore sakiti. Baada ya nusu saa wazungushe. Majibu ya waliopima na waliokokotoa yakipishana, usiwaambie nani yuko sahihi. Waache watafute wenyewe, na umeme wa kwenu ukiwa chini ya volti 230 siku hiyo watagundua.

Mama_Cherehani
Ukishajaribu rudi utuambie, hasa kuhusu mabinti.